Mzinga Chini ya Mbavu

Katika mji ambao sitautaja, kwa kuwa kila aliyewahi kutetemeka kwa homa amewahi kuupita, palikuwa na nyumba nyeupe tuliyoiita Nyumba ya Kungoja. Watu wazima wenye afya zao waliingia humo kwa hiari, wakatandikiwa shuka safi, wakapikiwa wali na samaki, kisha tukawatia malaria. Nasema tukawatia. Nimelitafutia neno hili mwenzake aliye mpole, sikumpata.

Jina langu ni Namkunda, na kazi yangu humo ilikuwa kulea mbu. Niliwanywesha maji ya sukari kwa pamba, niliwapa joto, niliwapa damu, nikawajua kama mfugaji anavyowajua mbuzi wake. Mama yangu alipoulizwa na majirani binti yako anafanya kazi gani mjini, alijibu kwamba ninatafuta dawa. Hakuwa amesema uongo. Ila nilipomsikia nilitamani aongeze lile lingine.

Lazima nieleze kinachotokea mwilini, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mtu alitaka kufa na dawa iko mezani kwake. Kimelea cha malaria, mbu akishatema mate yake chini ya ngozi, hakianzi na damu. Hukimbilia ini. Huko huchagua seli moja, huingia, hujifungia. Kwa muda wa juma zima hakuna dalili yoyote. Mwenye ini anakula, anacheka, anampa jirani chumvi, naye ni nyumba iliyopangishwa bila idhini yake. Ndani ya seli ile mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa umati, umati unakuwa maelfu, na siku ukuta unapopasuka wote humiminika kwenye damu. Hapo ndipo homa huanza. Watu husema ugonjwa umeingia. La. Ugonjwa umetoka.

Sisi tulikuwa tumemfanyia mgeni huyo jambo. Tulimwondolea kipande kidogo cha urithi wake, kile kinachomwezesha kutoka. Aliingia kwenye ini kama baba zake, akakua kama wao, akaifikia siku ya kuondoka na kukuta hajui mlango ni kitu gani. Akafia humo humo. Mwili ukaukagua mzoga, ukaikariri sura yake, ili siku watakapokuja ndugu zake wazima uwatambue na kuwamaliza kabla hawajaenea. Hiyo ndiyo chanjo tuliyokuwa tukiitafuta. Nilipowatazama kwa darubini, wamejaa ndani ya seli, wamekamilika na hawana pa kwenda, niliona haya. Adui ni adui. Lakini kumlea kiumbe makusudi asijue njia ya kutoka, kisha kukaa kumsubiri, hakukunifanya nijione mtu mwema.

Nilikuwa na makopo mawili yaliyofunikwa kwa wavu. La kwanza lilikuwa na mbu waliobeba wale wageni wetu wasiojua kutoka. La pili lilikuwa na mbu watupu, wanaouma na kuwasha tu, wasioufundisha mwili chochote. Bila kundi la pili tusingejua kama kundi la kwanza limekingwa na sisi au limekingwa na bahati. Kila aliyejitolea alielezwa hivyo, akaelewa, akakubali, ila hakuambiwa yeye yumo kundi gani. Madaktari hawakujua. Profesa Ruhinda, mkuu wa nyumba, hakujua, wala hakutaka kujua. Kompyuta ilipiga kura na kuniambia mimi, kwa sababu lazima awepo mtu wa kushika kopo sahihi. Kwa hiyo nilikatazwa kuzungumza na waliojitolea. Niliruhusiwa kumshika mtu mkono. Kusema naye, hapana.

Anayejua juu ya mwili wako jambo usilolijua wewe, ni nani kwako? Mganga? Mwizi? Mungu mdogo anayepokea mshahara? Nililibeba swali hilo mchana kutwa, nikalipeleka nyumbani, nikala nalo.

*

Mbelwa alikuja asubuhi yenye ukungu. Alikuwa mfugaji nyuki, mtu wa makamo, mrefu, mikono yake imejaa vikovu vidogo vidogo. Aliuweka mkono juu ya wavu wa kopo kama mtu anayeuweka juu ya meza ya nyumbani kwake. Mbu wakaanza. Wengine hukunja uso. Yeye alicheka.

"Dada, hawa wako wana adabu. Wangu wangekuwa wameshanitimua."

Sikujibu. Nililitazama kopo nililolishika. Lilikuwa la pili.

"Husemi?"

Nikatikisa kichwa.

"Haya, nitasema mimi. Nilikuwa na binti, Mboni. Bado hajaanza shule. Nilirudi kutoka msituni kwenye mizinga, nikamkuta anacheza, nikambeba mgongoni. Juma zima nikawa nambeba. Kumbe walikuwa wamo." Aliutazama mkono wake, si mimi. "Mimi, dada, nasikia mzinga unaotaka kuhama hata kabla sijaufikia. Mvumo wake unabadilika, unakuwa mzito. Lakini mwanangu nimembeba, kifua chake kimelala mgongoni pangu, na sikusikia kitu. Homa ilipokuja, ilikuja imeshamaliza kazi."

Mbu walikuwa wakinywa. Matumbo yao yalianza kuwa mekundu.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. "Mwambie Profesa ini langu ni lake. Kwangu mimi hawatatoka."

Nilikuwa nimemshika kiwiko. Nilihisi mapigo ya moyo wake kwenye vidole vyangu, naye bila shaka alihisi baridi ya vidole vyangu kwenye kiwiko chake, akadhani ni baridi tu.

Alirudi tena na tena kwa ajili ya kopo, kama wenzake, na kila aliporudi nilimpa lile lile. Kisha ikaja siku ya mtihani. Siku hiyo hapakuwa na kopo la kwanza wala la pili. Wote waliumwa na mbu waliobeba vimelea wazima, wanaojua vizuri njia ya kutoka. Mbu hao pia nilikuwa nimewalea mimi.

*

Juma la ini haliko kwenye kalenda. Saa za ukutani zilikuwa zimeondolewa ili watu wasihangaike kuhesabu, na bila saa ule ua wa Nyumba ya Kungoja ukawa mahali ambapo mchana unaweza kurudi ulikotoka. Niliwatazama kupitia kioo cha chumba changu. Walicheza bao, walifua soksi zao, walibishana kuhusu mpira. Mbelwa alizunguka ua peke yake, kiganja amekibana chini ya mbavu za kulia, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu aliyetega sikio mlangoni. Mara nyingine nilipomtazama alikuwa baba yangu. Mara nyingine alikuwa mtoto mdogo anayetafuta wa kumbeba. Mara moja, nikiwa macho kabisa, nilijiona mimi ndiye ninayezunguka ua, na nyuma ya kioo yuko mwanamke asiyesema.

Mchana mmoja niliinamia darubini nikajikuta ndani. Sisemi nililala. Nilikuwa nimesimama katika chumba cha joto, kuta zake za rangi ya udongo wa kichuguu, na katikati yake ameketi yule mgeni tuliyemkata. Alikuwa amejikumbatia mwenyewe. Alikuwa mmoja na alikuwa wengi.

"Umekuja kunifungulia?" akaniuliza.

"Hapana. Nimekuja kukutazama."

"Kila siku unanitazama. Mimi huua bila kujua kwamba naua. Wewe unajua, na hufungui mdomo."

"Nimekatazwa."

"Hata mimi," akasema.

Niliinua kichwa. Jua lilikuwa pale pale lilipokuwa, na chai yangu bado inatoa mvuke.

*

Asubuhi moja damu ya Mbelwa ilipopimwa, vimelea walionekana. Daktari wa wodi alimwendea akitabasamu, maana kwetu jambo hilo halikuwa ajali. Dawa ipo, inafanya kazi, mtu huimeza na baada ya siku chache huwa ameshakwenda nyumbani. Akamwekea vidonge mezani na bilauri ya maji.

Mbelwa akakataa.

Niliambiwa na mkewe. Alikuja dirishani kwangu jua likiwa kali, kanga yake ameifunga vibaya kwa haraka.

"Dada, wewe ndiye wa mbu?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mke wa Mbelwa. Naitwa Semeni."

Hata jina lake lilikuwa amri.

"Amekataa dawa," akasema. "Daktari amemwomba mpaka amechoka. Nimepiga magoti mimi. Anasema aliahidi hawatatoka na wametoka. Anasema chanjo yenu ilikuwa nzuri, ila ilitiwa kwa mtu mbaya. Eti ini lake ndilo lililowafungulia. Eti safari hii aliwasikia wakivuma na bado akashindwa kuwazuia, sasa ataonyesha nini mbele ya Mboni? Anataka akae nao, wamfanye walivyomfanya mtoto."

"Hawawezi kumpa kwa lazima?"

"Ni mtu mzima, ana akili zake, wanasema hawana ruhusa. Wamemwambia labda hakuwa kwenye kundi la chanjo. Anasema wanamfariji. Anasema mbu wale walimvimbisha mkono mzima, kwa hiyo walikuwa wenyewe." Akashika nondo za dirisha. "Joto lake limepanda, dada. Ameanza kuniita kwa jina la mtoto."

Maneno yale yalinikata maini. Walimvimbisha, ndiyo. Mbu watupu huvimbisha vizuri sana.

Nilimkuta Profesa Ruhinda ofisini, simu sikioni, shati limelowa kwapani. Alipoiweka chini alijua nimefuata nini.

"Nimeiarifu kamati," akasema. "Wenye ruhusa ya kufungua siri ni wao peke yao. Wanakaa sasa hivi."

"Watajibu lini?"

"Leo. Labda kesho. Wawili bado wanatafutwa."

"Profesa, homa haisubiri kikao."

"Usiende, Namkunda." Hakupaza sauti. "Ukienda wewe, si yeye tu. Mtunza siri akifungua kinywa mara moja, nani ataamini kwamba hakukifungua jana na juzi? Kila kopo ulilolishika litatiliwa shaka. Tutarudi mwanzo. Na huko nje kuna watoto wanaoingoja kazi hii bila kujua kwamba wanaingoja."

"Humu ndani kuna mtu."

"Najua," akasema, na alikuwa mtu aliyechoka, si katili. Laiti angekuwa katili, ningejua la kufanya.

Ukumbi kati ya ofisi yake na wodi ni mfupi, lakini niliutembea miaka mingi. Upande mmoja walikuwapo watoto ambao sijawaona, wasio na sura wala majina, wanaonidai kimya changu. Upande wa pili alikuwapo mtu mmoja mwenye vikovu mikononi. Niliambiwa shuleni kwamba wengi ni zaidi ya mmoja. Lakini nimeona kwenye darubini jinsi wengi wanavyopatikana: wote walikuwa mmoja kwanza, ndani ya chumba kimoja, na hakuna aliyegonga. Nani amenipa mizani hii? Nani alinifundisha kupima watu? Sikutaka kuwa mungu wa yeyote. Nilitaka kulea mbu. Na nilijua, hata nikiwa bado natembea, kwamba mlango wowote nitakaoufungua nitaingia nikiwa na hatia, na kwamba kusimama pale ukumbini nako ni mlango.

Nikaingia wodini.

*

Alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi, midomo imemkauka. Vidonge vilikuwa mezani. Semeni alikuwa amerudi na kukaa miguuni pake.

"Ah," Mbelwa akasema, "dada wa mbu. Umekuja kuwaona waliokushinda?"

"Kaka Mbelwa, hukupewa."

"Sikupewa nini?"

"Chanjo. Kopo lako lilikuwa la mbu watupu, siku zote ulizokuja. Nililishika mimi kwa mkono wangu. Ini lako halikufundishwa kitu, kwa hiyo halikumsaliti mtu."

Mablanketi yalikuwa yakitikisika.

"Walinivimbisha."

"Mbu yeyote huvimbisha."

"Niliwasikia." Akatoa kiganja, akakiweka chini ya mbavu. "Hapa. Mvumo mzito, kama mzinga unaotaka kuhama."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko siri yenyewe.

"Kaka, ini halina sauti. Halitoi hata maumivu. Wanaweza kujaa humo maelfu kwa maelfu na mwenyewe asijue. Mboni ungemfunga kifuani mchana na usiku, usingewasikia. Hakuna baba anayewasikia. Hata mama aliyembeba tumboni hawasikii."

Semeni aliziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Kwa hiyo nilichokisikia ni nini?" akauliza Mbelwa, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijui, kaka. Labda ulikuwa unamsikiliza yeye."

Alianza kulia. Hakuficha uso. Alilia kama mtu anayetapika, mwili wote ukisaidia, na Semeni akamwinua akamwegemeza begani, akamwekea vidonge ulimini, akamshikia bilauri. Alimeza. Alikunywa maji yote akaomba mengine.

Alipotulia alinigeukia.

"Siku ile nilipokueleza habari za mwanangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanitazama tu."

"Nilikutazama."

"Sijui nikuweke wapi, dada," akasema. Alisema bila hasira, kama mtu aliyeletewa kitu kikubwa na nyumba yake ni ndogo.

Mlango ukafunguliwa. Profesa Ruhinda aliingia mbio, anahema, miwani imeteleza puani.

"Wamekubali," akasema. "Kamati imekubali. Tunaweza kumwambia."

Profesa akanitazama mimi, akatazama meza isiyokuwa na vidonge. Mbelwa akajiinua kidogo juu ya mto.

"Niambie, Profesa," akasema. "Kitu gani?"

Profesa akamwambia, polepole, kwa maneno ya heshima. Mbelwa alisikiliza mpaka mwisho, macho yake bado mekundu, kisha akapiga kofi hafifu. "Kumbe! Basi mimi nilikuwa sijui." Semeni naye akaitikia, "Kumbe!" Walikuwa wananisitiri. Watu niliowanyamazia miezi yote walikuwa wakiniazima kimya chao, na wala sikuwa nimewaomba. Ningenyamaza mimi pia, kazi ingesalimika. Watoto wa nje wangesalimika. Kitu kimoja tu kingeharibika, nacho kilikuwa ndani yangu, mahali ambapo hapana wa kukisikia.

"Profesa," nikasema, "nimeshamwambia. Kabla hujafika."

Alivua miwani. Akaifuta kwa shati, akaifuta tena.

"Muda gani kabla?"

"Muda wa mtu kulia."

"Ungengoja," akasema. "Namkunda, ungengoja kidogo tu."

"Sikujua kama ni kidogo."

"Hapana," akasema. "Usingejua."

Mbelwa alinitikisia kichwa kutoka kitandani kwa masikitiko. "Dada, mimi nilikuwa nimeshakufunika."

"Niliona, kaka."

*

Kesho yake niliondolewa. Hawakunitukana, na hilo lilinielemea zaidi. Makopo yote niliyowahi kuyashika yalitiliwa shaka, kama Profesa alivyosema, ikaamuliwa kazi irudiwe na watu wengine. Maana yake msimu wa mvua ule ungepita bila jibu, na labda mwingine baada yake. Mvua ilipoanza nilikaa kibarazani kwa mama nikaitazama ikijaza kila shimo, kila kifuu, kila tairi bovu. Nilikuwa najua kinachoanguliwa kwenye maji yale. Nilikuwa najua wanaruka kwenda wapi. Sijui hata leo kama chanjo ile ingefaa kitu. Huenda ingeshindwa, na nimejitwisha watoto ambao hakuna aliyeweza kuwaokoa. Huenda isingeshindwa.

Siku nilipokwenda kuchukua vitu vyangu vya mwisho nilikutana na Semeni langoni. Mbelwa alikuwa amepona. Alikuwa ametangulia barabarani na mfuko wa nguo, anatembea polepole, mikono yote miwili imelegea pembeni. Alinipungia mkono lakini hakurudi. Semeni ndiye aliyenishika mikono, akaibusu kabla sijaivuta, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Sina cha kukupa, dada," akasema. "Mungu atakulipa kwa ulilolifanya."

Nikaitikia amina, kwa maana zote mbili za kulipa.